Vidonge vya Baba na Kikombe cha Busaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mokeira alikoroga uji wa wimbi, akampelekea baba yake, Anyona, pamoja na vidonge vyake vya kifua kikuu. Mama yake, Edinah, alikuwa ameshakwenda kuchuma majani chai. Muuguzi alikuwa ameagiza mtu wa nyumbani amwone mgonjwa akimeza, na Mokeira aliionea fahari kazi hiyo.

Lakini Anyona hakuutaka uji. Alimtuma binti yake nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikoficha dumu la busaa, pombe ya wimbi.

"Busaa ni wimbi, uji ni wimbi," alimwambia. "Mgonjwa wa kwetu hupewa wimbi tangu zamani. Ila usimwambie mama yako. Unawajua Wasabato."

Mokeira alijua. Mama yake hakutaka hata kusikia pombe ikitajwa. Basi alimimina busaa kikombeni, baba akameza vidonge, na uji ukanywewa na mdogo wake, Bonareri, aliyependa kukaa mapajani mwa baba yao.

Miezi ikapita, Anyona akabaki mifupa na kikohozi. Majirani pale kijijini Manga wakanong'ona kwamba amerogwa. Edinah alilia jikoni, akisingizia moshi. Mokeira aliyaona yote hayo akafyata ulimi. Alipoulizwa kama baba amemeza, alijibu ndiyo, na kweli alikuwa amemeza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anyona hakuficha maradhi, alificha kikombe, na mtoto akamsaidia.

Siku ya kliniki Edinah na Mokeira walimsindikiza Anyona, na makohozi yake yakapimwa tena. Vijidudu vilikuwa bado hai. Muuguzi, Bi. Achola, akamgeukia Mokeira.

"Baba huzimeza dawa na nini?"

Mokeira alimtazama baba yake. Anyona akainamisha kichwa.

"Na busaa," msichana akasema.

Edinah akamgeukia mumewe. Bi. Achola hakugomba. Alieleza kwamba utumbo una utando mwembamba unaofyonza dawa na kuiingiza katika damu. Pombe ya kila siku huuchubua utando huo, na sehemu ya dawa hupita tu bila kufyonzwa. Kiasi kidogo kinachoingia hakiviui vijidudu, bali huvizoesha dawa hadi viwe sugu. Isitoshe, dawa hizo ni mzigo kwa ini, na pombe huliongezea mzigo.

"Alikuwa akimeza," alisema, "lakini mwili wake haukuwa ukipata."

Matibabu yakaanza upya, kwa dawa nyingine kali zaidi. Anyona aliimwaga busaa mwenyewe. Polepole akapata nafuu, na kikohozi kikaisha kifuani mwake. Lakini kilikuwa kimeshahamia kwa Bonareri. Sasa mtoto huyo ndiye aliyemeza vidonge kila asubuhi, na Anyona ndiye aliyemshikia kikombe cha uji.

Asubuhi moja Mokeira alisimama mlangoni na mkoba wake wa shule, moyo ukimuuma.

"Tata, nisamehe," alimwambia baba yake.

"Kosa ni langu," Anyona akajibu. "Nilikufundisha kwamba kutii ni kunyamaza. Mkubwa akikwambia ufiche kitu kinachomdhuru, kiseme, hata kama mkubwa huyo ni mimi."

Bonareri akakohoa. Baba yake akamfuta mdomo, akamwambia amalizie uji.