Vidonge Vilivyobadilika Rangi

Fundi makochi alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake. Kila asubuhi majirani waliamshwa na nyundo yake. Mke wake alishona vitambaa vya makochi hayo barazani. Binti yao aliondoka mapema kwenda saluni, alikokuwa msusi.

Majirani walimwita fundi huyo Hebu Kwanza. Akiletewa misumari, atasema, "Hebu kwanza, niione." Akiambiwa mvua inakuja, atatoka nje kutazama mawingu mwenyewe. Mke wake alipenda kumtania: "Hata siku ya harusi yetu ulisema hebu kwanza. Nikajua nimepatikana!"

Binti yao alikuwa na kifafa tangu utotoni. Zamani alianguka mara kwa mara. Kisha kliniki wakamwanzishia vidonge. Alimeza asubuhi na jioni, na kuanguka kukakoma. Wateja walimpenda kwa mkono wake mwepesi. Wengi hawakujua kama anaumwa.

Siku moja alirudi kutoka kliniki na boksi jipya. Vidonge vya zamani vilikuwa vyeupe. Hivi vilikuwa vya waridi, na jina la kampuni lilikuwa jingine.

"Wamekwambia nini?" baba aliuliza.

"Wamesema dawa ni ile ile."

"Ile ile, mbona si ile?"

Foleni ilikuwa ndefu, na aliyempa dawa dirishani hakueleza zaidi.

Jioni hiyo redio ikatangaza habari. Mamlaka ya dawa ilikuwa imeondoa madukani dawa moja ya maji, ya kikohozi cha watoto. Ilikutwa na kemikali yenye sumu. Wazazi waliambiwa wasiitumie.

Hebu Kwanza alizima redio kwa kishindo.

"Mmesikia? Waliipitisha wenyewe. Muhuri wakagonga wenyewe. Leo ndiyo wanagundua kuwa ni sumu! Na walioinywa jana je?"

"Hiyo ni ya kikohozi, baba watoto," mke wake alisema.

"Walioipitisha ni wale wale. Wenye viwanda wanataka faida. Wakaguzi wanataka kitu kidogo. Sisi ndio wa kujaribiwa."

Kesho yake alimwita binti yake karakanani, mama asisikie.

"Mwanangu, hivi vya waridi viache kidogo. Nitakutafutia vile vyeupe."

"Na nikianguka, baba?"

"Mbona siku hizi huanguki? Huenda umeshapona."

Binti alisita. Lakini huyu ndiye baba aliyembeba mgongoni hadi hospitali alipokuwa mdogo. Akampa boksi. Baba akalisukumia ndani ya sponji ya kochi kuukuu.

Alizunguka maduka ya dawa akitafuta vidonge vyeupe. Kila duka lilisema havijaja. Siku zikapita. Binti hakumeza chochote, na mama hakujua.

Kisha ikatokea. Binti alikuwa akimsuka mteja. Mikono yake ikasimama. Akakodoa macho. Akaanguka, na paji la uso likagonga ukingo wa kiti. Mwili wote ukaanza kutikisika.

"Leteni kijiko!" mteja mmoja alipiga kelele. "Atajing'ata ulimi!"

"Hapana! Msimtie kitu mdomoni," mwenye saluni alisema. Binti alikuwa amemfundisha la kufanya tangu alipoanza kazi. Akasogeza viti. Akaweka taulo chini ya kichwa chake. Degedege lilipokoma, akamlaza kwa ubavu. Damu ilikuwa ikitoka kwenye paji la uso. Wakamkimbiza hospitali.

Mama alifika akihema, utepe wa kupimia ungali shingoni, mumewe nyuma yake.

"Dawa anameza?" daktari aliuliza.

"Kila siku," mama alijibu. "Hakosi."

Hebu Kwanza alitazama viatu vyake.

"Hamezi," alisema. "Mimi nilimzuia."

Mama aligeuka taratibu. "Wewe? Ukanificha mimi, mama yake?"

Alimpisha apite kwa binti yao.

Kesho yake asubuhi alilitoa boksi kwenye sponji. Akachukua na boksi tupu la vidonge vyeupe. Akaenda nayo kwa mfamasia wa hospitali, mwanamke wa makamo mwenye miwani minene. Hebu Kwanza alikuwa na hasira juu yake mwenyewe. Alikuwa na hasira juu ya watu wa hospitali pia.

"Nimekosa, najua," alisema. "Lakini na nyinyi si wasafi. Mbona dawa mmebadilisha?"

Mfamasia alimvutia kiti. Akaweka maboksi yale mawili sambamba.

"Haya majina makubwa ni ya kampuni. Kila kampuni huchagua rangi yake. Sasa soma haya maandishi madogo, hapa chini. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe."

Alisoma. Yalikuwa sawa. Akatazama na kiasi cha dawa. Kilikuwa sawa pia.

"Lakini dawa ya kifafa ikibadilishwa kampuni, mgonjwa lazima aelezwe, na afuatiliwe," mfamasia aliendelea. "Binti yako hakuelezwa. Hilo ni kosa letu."

Hebu Kwanza alikuja amejiandaa kubishana. Jibu hilo hakulitegemea. Lakini hakulegea.

"Nani anajua kama kilichoandikwa ndicho kilichomo?"

"Kampuni hupeleka matokeo ya majaribio yake kwa mamlaka. Wataalamu huyasoma. Hukagua kiwanda. Hupima dawa maabara. Wakiridhika, wanatoa kibali."

"Na ile ya kikohozi? Si walitoa kibali?"

"Walitoa. Hawawezi kupima kila chupa. Kiwanda kinaweza kuharibu baada ya kupewa kibali. Ndiyo maana ukaguzi lazima uendelee. Tazama hapa. Hii ni namba ya toleo. Dawa zilizotengenezwa pamoja zina namba moja. Ukisikia tangazo, linganisha jina na namba."

"Na hao wakaguzi, nani anawalipa?"

"Kampuni hulipa ada inapoomba kibali."

"Ehee! Unaona sasa?"

"Naona. Hata mimi linanisumbua," mfamasia alisema. "Na wapo wenye viwanda waliowahi kuficha madhara. Baadhi yao walijulikana kwa sababu wagonjwa walisema."

"Sasa unataka nikuamini?"

"Nataka uniulize. Ukiona kitu usichokielewa, nishtue. Lakini dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Degedege linaweza kurudi kwa nguvu, hata kuua. Wasiwasi wako ulete hapa, nami nitahangaika nao. Usiumalizie kwa binti yako."

Hebu Kwanza aliuma mdomo. Aliona aibu, lakini si kwa maneno ya mfamasia. Akilini aliona bandeji kwenye paji la uso la mwanawe.

Daktari alimrudisha binti kwenye dawa. Nyumbani, mama alimgeukia mumewe.

"Ukiwa na wasiwasi, niambie. Mimi si redio, useme utanizima."

Baada ya muda binti akaanza kusinzia kazini. Nusura amchome mteja kwa pasi ya nywele. Safari hii baba hakuficha boksi. Waliongozana wote watatu kwa mfamasia. Yeye akapeleka taarifa ya usingizi huo kwa mamlaka ya dawa, na daktari akapunguza kiasi cha dawa.

"Hiyo taarifa inafika kweli, au inalala kwenye droo?" Hebu Kwanza aliuliza.

Jibu lilikuja kwa simu ya mfamasia: imepokelewa, inafanyiwa kazi.

"Inafanyiwa kazi," Hebu Kwanza alinung'unika. "Na mimi nikimjibu hivyo mwenye kochi lake?" Tangu hapo kila akipita hospitali aliulizia taarifa ile, mpaka walinzi wakamzoea.

Usingizi ulipungua. Kuanguka kukakoma tena. Baadhi ya wateja walimwogopa binti mwanzoni, wakidhani kifafa kinaambukiza. Mwenye saluni aliwaeleza kuwa hakiambukizi. Mmoja mmoja, wakarudi kwenye kiti chake.

Siku nyingine ya kliniki, binti akiwa ameshaposwa, baba alimsindikiza. Alikuwa na maswali yake tayari. Binti akamgusa mkono.

"Baba, leo nauliza mwenyewe."

Akamgeukia mfamasia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa. Nikibeba mimba, dawa hii itamfanya nini mtoto? Mbona hakuna aliyewahi kuniambia?"

Mfamasia alivua miwani.

"Umeuliza wakati unaofaa. Wengi huuliza wakiwa na mimba tayari. Baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Usiache kumeza. Lakini daktari aangalie yako mapema, na kama kuna haja, akubadilishie taratibu. Twende kwake sasa hivi."

Hebu Kwanza akainuka.

"Kaa, baba," binti alisema.

Akakaa. Mlango wa daktari ukafungwa. Fundi makochi akabaki kwenye benchi katikati ya wagonjwa, amepakata mkoba wa binti yake.