Kurumbiza Alikuwa Amefunga Mdomo

Jumamosi ile ilianza vizuri. Waliokuwapo husema hivyo kwanza, kabla ya kusema neno jingine lolote. Jua la Februari lilichomoza safi juu ya Navakholo, umande ulikuwa haujakauka kwenye majani ya miwa, na Dinah binti Cornelius Osundwa, mzaliwa wa Malinya, aliteremka kwenye pikapu mkono mmoja ukishika kiuno na mwingine ukishika kikapu cha chapati. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba zake mbili za mwanzo hazikuwahi kufika hapo.

Hilo la mimba lieleweke mapema, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe.

Mumewe, Onesmus Makhanu, alifundisha biolojia mjini Kakamega, na ugonjwa wake ulikuwa ndege. Mwenye pikapu alikuwa Ishaq wa Mumias, muuza nguo, rafiki yake tangu shuleni, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani.

"Mwalimu," alisema Ishaq akifunga mlango wa gari, "wenzako wakipata likizo wanawapeleka wake zao mjini kula pilau. Wewe umemleta wako kuangalia kunguru."

"Si kunguru. Kurumbiza. Kurumbiza mwenye kichwa cheupe."

"Ana nyama?"

"Haijazi kijiko."

"Basi shemeji, umeolewa na mwehu. Pole."

Dinah alicheka mpaka akamshika mumewe bega. Alikuwa amekuja kwa hiari yake. Nyumbani kila mgeni alimtazama tumbo kwa huruma, na alitaka siku mbili za kutazamwa na ndege tu.

Miaka ile ya sabini miwa ilikuwa dhahabu. Watu waling'oa migomba wakapanda miwa, wakang'oa mihogo wakapanda miwa, na wapo waliolima mpaka ukingoni mwa makaburi ya baba zao. Ndege wakabakiwa na Lusasari, ukanda wa miti na mafunjo kando ya mto Lusumu, ambao baraza lilikataza usiguswe. Pande tatu ulizungukwa na miwa. Upande wa nne ulikuwa maji.

Asubuhi ile waliona mengi. Waliona korongo wenye taji wakicheza dansi kwenye tope, hondohondo akipita na mabawa yanayovuma kama kitambaa kikichanwa, na mdiria aliyetumbukia mtoni akatoka na samaki. Kurumbiza hawakumwona. Onesmus hakukata tamaa.

"Ndege hafuatwi," alimweleza mkewe. "Ndege huitwa. Unamwiga sauti yake. Anadhani umeingia kwake, anakuja akutoe. Jioni nitamwita."

Mchana walikwenda kula kwa mwenyeji wao, mjane aitwaye Teresa, ambaye shamba lake lilipakana na hifadhi na ambaye aliwapa wapenda ndege mahali pa kulala. Alikuwa mama mrefu, mkavu, wa maneno machache. Aliwaandalia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwao, kisha akapakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa jani la mgomba na kuiweka karibu na mlango, mbali na jiko.

"Hiyo ni ya nani, kukhu?" Dinah aliuliza, akitumia neno la heshima la kumwitia bibi.

"Ya Shitanda. Mtoto wangu. Anakujanga akichelewa."

Ishaq alikohoa, akatazama chini. Teresa akaendelea kupangusa mikono yake.

"Na nyinyi, mkiingia huko kwa miti, angalieni ndege mpaka mchoke. Lakini mluzi, hapana. Hapa hatupiganga mluzi."

"Kwa nini, mama?" Onesmus alitabasamu.

"Kwa sababu kuna mwenye mluzi wake."

Walipotoka, Ishaq aliwavuta kando. Aliwaambia kwa sauti ya chini, na safari hii hakutania. Shitanda alikuwa mkata miwa. Kila jioni akirudi, alimpigia mama yake mluzi kutoka mbali ili chakula kipakuliwe: sauti tatu zikipanda, moja ikishuka. Kiangazi kilichopita, homa ilimshika kazini, akajilaza katikati ya miwa. Wenzake walidhani amekwenda nyumbani. Shamba likachomwa kabla ya kuvunwa, kama ilivyo desturi. Kilichopatikana ni bapa la panga lisilo na mpini. Walizika mgomba badala ya mtu.

"Na roho yake waliifuata?" Dinah aliuliza.

"Mama alikataa."

Dinah alielewa. Kwao, mtu akifia nje, jamaa zake huenda mahali alipoanguka, humwita kwa jina, kisha huburuta tawi mpaka nyumbani, bila kugeuka nyuma na bila kusema na mtu njiani. Marehemu hupanda tawi lile akaletwa kwao. Asipofuatwa, hubaki palepale. Lakini kumfuata ni kukubali kwamba amekufa, na Teresa hakuwa amekubali.

"Masikini," alisema Onesmus. Na kwa moyo mweupe kabisa akaongeza, "Lakini kurumbiza hajui hayo."

Jua lilipoinama walikaa kwenye gogo, miti mbele yao, miwa nyuma yao. Ishaq alibaki kwenye pikapu, mahali pa kuonekana, akimenya muwa. Hewa ilitulia. Dudumizi alilia mara moja akaacha.

Ndipo mluzi ukasikika kutoka upande wa mto.

Sauti tatu zikipanda. Moja ikishuka.

Onesmus alimshika Dinah mkono, macho yaking'aa. "Ndiye! Kurumbiza huiga kila anachosikia. Alimsikia yule kijana miaka yote, akajifunza. Unaona ajabu hiyo?"

"Mwalimu, tuondoke," alisema Dinah.

"Dakika moja tu, mama." Akakunja midomo, akajibu.

Kimya. Kisha mluzi ukarudi, safari hii kutoka kwenye miti. Karibu zaidi. Onesmus akajibu tena. Dinah aligundua kwamba ndege wengine wote wamenyamaza. Hata wadudu. Hata mto ulikuwa kama unapita kwa kunyata.

Mluzi wa tatu ulitoka karibu sana. Ulikuwa na kitu kibaya ndani yake. Ulikuwa mkavu. Haukuwa na pumzi.

"Yule!" Onesmus alinong'ona. "Tazama. Yule pale."

Kwenye kitawi, hatua chache mbele yao, alitua ndege mdogo, kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheupe kama kilichomwagiwa unga. Alikuwa mzuri kuliko picha zote. Hakuwatazama wao. Alitazama nyuma yao, kwenye miwa.

Mluzi ukalia.

Kurumbiza alikuwa amefunga mdomo.

Hakuna aliyegeuka. Ulitoka nyuma ya visogo vyao, chini, kimo cha mtu aliyelala. Harufu ikawafikia, ile harufu tamu ya miwa inayoungua, ilhali hakuna moshi popote. Ndani ya Dinah mtoto aligeuka. Haikuwa kama watoto wanavyogeuka. Aligeuka kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake kitandani.

"Usijibu," Dinah alisema bila sauti. "Onesmus. Usijibu tena."

Onesmus alijiziba mdomo kwa kiganja.

Ndege aliruka. Wao wakainuka, wakatembea, kisha wakakimbia. Ishaq alipowaona alitupa muwa wake akasoma audhu billahi, kwa kuwa yeye, aliyekuwa ameketi mahali pa kuona, alisema baadaye kwamba miwa nyuma yao ilikuwa ikiachana taratibu, mstari mmoja, ikiwafuata mpaka barabarani.

Kwenye gauni la Dinah, juu kabisa ya tumbo, kilikuwa kimetua kipande cheusi cha masizi, chembamba kama bawa la nondo. Watu wa miwa wanakijua: huruka shamba linapochomwa. Siku ile hakuna aliyechoma shamba kuanzia Navakholo mpaka Mumias.

Teresa aliwasubiri mlangoni. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamkaribia Dinah, akaweka kiganja tumboni mwake. Akainua uso kuelekea miti, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Amenyamaza," alisema. Na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Hawakulala kwake.

Mtoto alizaliwa Aprili, mvua ikinyesha, mzima, wa kiume. Onesmus alilia kwa furaha mbele ya wauguzi. Furaha hiyo ilidumu mpaka walipofika nyumbani, kwa sababu mtoto alianza kulia asinyamaze. Alikataa ziwa. Alilia mpaka sauti ikawa kama mlango usiopakwa mafuta.

Pascalia, mama yake Onesmus, aliposikia alifunga safari kutoka Chekalini. Hakushtuka.

"Anadai jina," alisema. "Kuna mzee wetu anataka kurudi. Nipe huyo mume wangu mdogo."

Akampakata, akaanza kutaja majina ya wafu wa ukoo, polepole, ya upande wa baba kisha ya upande wa mama. Jina likiwa ndilo, mtoto hunyamaza. Were. Akalia. Osundwa. Akalia. Wajomba, mashangazi, mababu waliokufa vitani. Akalia. Pascalia alikwenda nyuma mpaka majina aliyoyasikia utotoni mwake, akayamaliza.

Dinah aliketi kitandani amekumbatia magoti. Hakukusudia. Neno lilimtoka kama pumzi.

"Shitanda."

Mtoto akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kilio. Pascalia alimtazama mkwewe. "Huyo ni nani kwetu?"

Onesmus alitoka nje, akasimama mvuani.

Tangu hapo mtoto hakulia tena. Lakini hakunyonya pia. Alilala macho wazi, akitazama mlango, midomo imekunjwa mviringo, akipungua kila siku. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa, wakamrudisha. Mifupa ya uso ilianza kuonekana. Dinah alikamua maziwa akamdondoshea kwa kijiko. Yalimiminika shavuni. Na kila alipokunjua blanketi lake alikuta kipande cha masizi, kimoja, kikavu, wakati Kakamega nzima ilikuwa imelowa.

Asubuhi moja mbwa wa jirani walibweka, kisha wakaacha wote kwa pamoja. Dinah alifungua mlango. Teresa alikuwa amesimama uani, matope yamempanda mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Lusasari. Nyuma yake aliburuta tawi la mti wa lusiola, majani yake yamepukutika njiani, na kutoka langoni mpaka pale aliposimama udongo ulikuwa na mfuo mmoja mrefu.

Hakugeuka nyuma. Hakusalimu. Dinah alianguka magoti, mtoto mikononi.

"Kukhu, nakuomba. Umekuja kumchukua. Mchukue, mrudishe kwenu, uniachie wangu."

Teresa alitikisa kichwa. Alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu ambaye hajasema neno tangu jana.

"Sikuja kumchukua, mwana wanje, mwanangu. Nimemleta."

Dinah hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Mume wako aliita, na sauti ikaitika. Sauti tu ndiyo mlibeba. Kile kingine kilibaki kwa miwa, kinanisumbua. Kijana amekaa nusu huku, nusu kule. Ndiyo maana hanyonyi. Nusu mtu hakulanga."

"Na ukimwita arudi nyumbani kwako?"

"Nikimvuta sasa, hatatoka peke yake. Wameshalala pamoja." Macho yake yalikuwa makavu. "Mimi siwezi kuingia kama mwenye nyumba hajasema. Sema, au nirudi na tawi langu. Lakini usikawie. Huyo hafiki kesho."

Onesmus alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. Aliyekuwa hodari wa kuita alirudi nyuma hatua moja.

Dinah alimtazama mtoto. Alikumbuka wale wawili ambao hawakupata hata jina. Kifua kidogo kilipanda, kikakaa, kikasahau kushuka, kikashuka. Akainuka. Akasogea kando ya mlango.

"Karibuni," alisema.

Teresa aliburuta tawi juu ya kizingiti, juu ya sakafu nyekundu iliyopakwa rangi, mpaka kando ya kitanda. Akainama, akanong'ona jambo kwenye sikio la mtoto. Kisha akalibeba tawi begani na kutoka, wala hakukubali chai. Langoni aligeuka nyuma kwa mara ya kwanza, maana sasa hapakuwa na wa kumpoteza.

Mtoto aligeuza uso, akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa kama mtu aliyetoka kazini.

Aliishi. Alikua akawa kijana mwenye nguvu na adabu, na hakuna aliyewahi kumsikia akilia. Onesmus aliuza darubini yake. Dinah, mpaka nywele zikawa nyeupe, kila jioni alipakua sahani moja mapema, akaifunika na kuiweka karibu na mlango, mbali na jiko, kisha akangoja kusikia mluzi barabarani.

Na sakafu ile. Waliisugua kwa mchanga, wakaisugua kwa mafuta ya taa, wakaipaka rangi upya. Baadaye wakamwaga saruji mpya juu yake. Kila Februari, miwa inapoanza kuchomwa, mfuo mweusi hutokea tena, mwembamba, wenye harufu tamu, kutoka mlangoni hadi kitandani. Wapangaji waliofuata wameuona, na kila mmoja hutafuta mfuo mwingine kando yake, kisha huacha kutafuta. Mfuo ni mmoja tu. Unaingia. Hakuna unaotoka.