Ikitoka Sare

"Fungua begi, kijana."

"Ni nguo tu, mama."

"Nguo gani zinanguruma?"

Kinyozi akalitazama begi lake. Kweli lilikuwa linanguruma. Mashine ya kunyolea ilikuwa imejiwasha humo ndani, inamtetemekea mkononi mbele ya watu wote waliopanga foleni kwenye geti la uwanja. Foleni ikaangua kicheko.

Mama mlinzi, mwanamke mpana asiye na haraka na mtu, akavuta zipu mwenyewe na kuanza kutoa kitu kimoja kimoja juu ya meza: mashine mbili, mikasi mitatu, pakiti ya nyembe, brashi, kioo cha mkono, na shuka la kumfungia mteja shingoni.

"Umekuja kuangalia mpira au kunyoa wachezaji?"

"Nimekuja kuhama, mama."

"Unahamia uwanjani?"

"Ni hadithi ndefu."

"Basi kaa nayo. Mikasi haiingii humu. Begi linabaki kwangu, shika namba." Akamkabidhi kibati cha namba arobaini na mbili. "Leo nimeletewa vituko, jamani, na mpira haujaanza!"

Hadithi yenyewe wala haikuwa ndefu. Kinyozi alikuwa shabiki wa kufa wa Zambarau. Mpenzi wake, ambaye yeye Kinyozi alimwita Fundi kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na mjini kwao hakuna aliyemfikia, alikuwa shabiki wa kufa wa Machungwa. Walikutana miaka miwili iliyopita, siku Kinyozi aliposoma tiketi vibaya na kujikuta na jezi yake ya zambarau katikati ya mashabiki elfu tatu wa Machungwa. Dada mmoja wa kiti cha nyuma akamtupia koti.

"Vaa upesi, kabla hujanyonyolewa."

"Mimi ndiye ninayenyoa watu."

"Leo utanyolewa wewe. Vaa!"

Tangu siku hiyo wakawa watu wa viwanja. Kutoka mji wa huyu hadi mji wa yule ni saa saba kwa basi, kwa hiyo walikutana kule timu zao zilikokwenda, na kila mara mmoja wao au wote wawili walikuwa wageni. Waliuona uwanja wenye jukwaa la mbao linalolia watu wakiruka. Wakauona ule ambao mpira ukipaa unaangukia bustani ya hospitali, na ule ambao mtangazaji husema fulani ametoka wakati fulani ameshaoga na kuvaa. Wakitoka kila uwanja, Fundi alishona kifungo kimoja ndani ya lile koti. Ligi ilikuwa na viwanja kumi na viwili. Koti lilikuwa na vifungo kumi na kimoja.

Kuoana halikuwa swali tena. Swali lilikuwa waishi wapi.

"Wewe hama," Kinyozi alisema. "Mimi nina wateja wa miaka tisa. Mtu akishakuzoea kichwani haendi kwa mwingine."

"Hama wewe. Nusu ya harusi za mji huu nazishonea mimi."

"Nywele zinaota kila siku, Fundi. Watu hawaoi kila siku."

"Ndiyo maana sisi mpaka leo hatujaoana!"

Wakanuniana siku tatu. Siku ya nne simu ya Kinyozi ikaita, akiwa na mteja kitini.

"Sikiliza wewe. Nimechoka kubishana. Tumwachie refa."

"Refa wa nini?"

"Nyasi za uwanja wenu si zinabadilishwa? Mechi yenu na sisi imehamishiwa kule kwenye uwanja wetu wa kumi na mbili, ule tuliobakiza. Zambarau wakishinda, nahamia kwako. Machungwa wakishinda, wewe unahamia kwangu. Hakuna rufaa."

"Na ikitoka sare?"

Upande wa pili cherehani ilikuwa inalia.

"Ikitoka sare? Basi ni sare, tumalize."

"Tumalize?"

"Tumalize, ndiyo. Tutaendelea hivi mpaka lini? Haya, nina mteja."

Simu ikakatika. Mteja wa Kinyozi alitoka siku ile na kisogo chenye ngazi, na akalipa hela kamili, kwa sababu uso wa kinyozi wake ulimtia huruma.

Yaani tumalize. Miaka miwili, vifungo kumi na kimoja, halafu tumalize! Mwanamume anayewapa wenzake ushauri wa mapenzi kutwa nzima akiwa na mkasi mkononi alishindwa kuuliza swali moja tu: tumalize nini? Aliogopa jibu. Sisi wanaume tuna ujinga huo, tunaona heri kuugua wiki mbili kuliko kuuliza dakika moja.

Siku chache baadaye ukaja ujumbe:

"Mabega yako inchi ngapi siku hizi? Usinidanganye."

"Kumi na nane. Kwa nini?"

"We subiri."

Mdogo wake, aliyenyoa kwenye kiti cha pili, akausoma ujumbe ule begani kwake, akatikisa kichwa.

"Kaka, hilo ni shati la kwaheri."

"Kuna shati la kwaheri?"

"Mimi nililetewa soksi, kisha nikaachwa."

Hapo Kinyozi akaamua. Akamkabidhi mdogo wake funguo za duka, akafunga vifaa vyake begini, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akamwomba Mungu Zambarau wafungwe. Machungwa wakishinda, atapanda basi moja na Fundi jioni ile ile, kabla mwenzake hajabadili mawazo. Kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, nacho ni sare.

Fundi alikuwa ameshakaa alipomfikia, jukwaa la mchanganyiko, mstari wa tisa, amevaa jezi yake ya rangi ya chungwa na lile koti mapajani. Alikuwa anachekacheka peke yake.

"Umechelewa."

"Walinikagua getini."

"Hata mimi," akasema, akacheka zaidi. "Umelala kweli? Macho yamekuvimba."

"Nimelala."

"Haya. Mwenye kushinda ashinde."

Dakika ya thelathini Machungwa wakapata kona. Mpira ukaja, beki wa Zambarau akaukosa, kichwa, wavuni! Kinyozi akajikuta amesimama, mikono juu.

"Goooli!"

Mzee mmoja wa jezi ya zambarau aliyekaa mbele yake akageuka taratibu.

"Kijana, unaumwa?"

"Mguu umenikaza, mzee."

Akakaa. Alitegemea kumwona Fundi anacheza. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, amefunika uso kwa koti.

"Si mmefunga? Mbona huna raha?"

"Nina raha. Niache."

Kipindi cha pili kikawa kirefu kuliko ndoa ya mtu mwingine. Kinyozi alitazama saa mpaka shingo ikamuuma. Dakika ya themanini na nane, moja kwa bila, moyo wake umeshapanda basi. Ndipo kipa wa Machungwa alipoutema mpira mwepesi kabisa, na mshambuliaji wa Zambarau akausukuma ndani.

Uwanja ukalipuka. Na aliyeruka kuliko wote alikuwa Fundi. Shabiki wa kufa wa Machungwa, amemkumbatia yule mzee wa jezi ya zambarau, anapiga kelele: "Ndiyo! Ndiyo! Ongezeni lingine!"

Kinyozi hakulisikia hilo la lingine. Aliona kitu kimoja tu, kwamba ni moja kwa moja na mpenzi wake anashangilia. Kumbe hamu ya kumaliza ilikuwa kubwa kiasi hicho! Ikamuuma mpaka masikio yakamwasha.

Refa akapuliza filimbi ya mwisho.

"Sare," akasema Kinyozi.

"Sare!" akaitikia Fundi, akapiga makofi. "Basi tena. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Mbona sasa umeninunia kama mimi ndiye kipa?"

"Sijanuna. Unafurahi kweli, Fundi?"

"Kwa nini nisifurahi? Imekwisha, tena bila mshindi wala mshindwa." Akasimama, akakung'uta sketi. "Wewe tangulia getini. Mimi nakimbilia kwenye basi letu, wenzangu wananisubiri."

Akapotea kwenye ngazi, mwepesi kama aliyetua mzigo. Hata kwaheri hakuaga.

Kinyozi akafika getini akiburuta miguu, akaweka kibati mezani. Mama mlinzi akamsukumia begi lake. Kisha akainama chini ya meza, akaguna, akatoa begi jingine kubwa kwa mikono miwili.

"Na hili."

"Hilo si langu, mama."

"Namba arobaini na moja. Dada wa jezi ya chungwa aliliacha mapema. Nikamwambia hili litakuvunja mgongo. Akasema halina shida, mume wangu atakuja kulibeba, ni kinyozi, mrefu, jezi ya zambarau. Baadaye ukaja wewe na mikasi yako, nikajua ndiye."

"Alisema nani atalibeba?"

"Mume wangu."

"Hebu rudia."

"Kijana, sikuajiriwa kurudia."

Kinyozi akafungua zipu. Ndani kulikuwa na kichwa cha cherehani, kimefunguliwa kutoka kwenye meza yake, na mkanda wake umekunjwa pembeni. Kilikuwa kimefungwa ndani ya nguo mbili za kitambaa kimoja, shati na gauni, zambarau yenye pindo za rangi ya chungwa. Kwenye kola ya shati kulikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, kwa mwandiko anaoujua: SARE. BWANA HARUSI. MABEGA 18.

Akakisoma mara mbili. Kisha akaketi juu ya meza ya watu.

Simu ikalia ujumbe: "Uko wapi? Nimewaaga wenzangu, nimewaambia sirudi nao. Ole wako uwe umefungua begi langu."

Akainua kichwa, Fundi huyo anakuja mbio, koti linapepea.

"Umelifungua!"

"Fundi. Ikitoka sare..."

"Tunavaa sare! Mimi kazi yangu nini? Ulidhani namaanisha sare gani?"

"Ya mpira! Tuko kwenye mpira! Moja kwa moja, kila mtu kwao!"

"Na tumalize?"

"Hilo ndilo lililoniua kabisa."

"Tumalize ubishi, mwanamume wewe! Tuoane kwanza, pa kuishi tutapajua mbele!" Akamtazama vizuri, akaona macho yamelowa. Sauti ikashuka. "Yaani wiki mbili zote ulidhani nakuacha?"

"Ndiyo."

"Na hukuuliza?"

"Niliogopa, Fundi. Ningekosa cha kufanya bila wewe."

Fundi akamshika uso kwa mikono miwili, akamtikisa kama anataka akili zimkae sawa.

"Mbona ulishangilia tulivyosawazisha?" akauliza Kinyozi.

"Nilitaka mshinde. Cherehani iko begini, nahamia kwako leo hii. Na wewe, ule mguu ulioshangilia goli letu?"

Kinyozi akafungua begi lake, akamwonyesha mashine na mikasi. Kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Basi twende kwako," akasema Fundi, akijifuta machozi.

"Thubutu. Twende kwako. Wateja wako wa harusi je?"

"Na wewe wateja wako wa miaka tisa?"

"Nimeshamwachia mdogo wangu. Nahama mimi."

"Nahama mimi, nimesema!"

"Hapana, mimi!"

Mama mlinzi akagonga meza kwa rundo la funguo.

"Nyie watu, nafunga geti! Mmoja hataki kubaki kwake, mwingine naye hataki kubaki kwake. Hapa pana ubaya gani?"

"Hapa wapi?"

"Hapa mjini kwetu. Pale ng'ambo ya barabara kuna fremu mbili za duka zimeungana, zina mwaka hazina mtu. Kinyozi tuliye naye ananyoa watu kama ana ugomvi nao. Fundi ndiyo hatuna kabisa, hii suruali yangu unavyoiona nimeipunguza mwenyewe."

Fundi akaitazama suruali, akafumba macho kwa uchungu wa kazi. Kisha akageuka kuitazama ile nyumba ya ng'ambo: milango miwili ya bluu, kibaraza kimoja, na jukwaa la uwanja likiipa kivuli.

"Kutoka hapa hadi kwako ni basi la saa tatu na nusu," akasema taratibu.

"Na hadi kwako saa tatu na nusu," akajibu Kinyozi.

"Miaka miwili hatujawahi kucheza nyumbani wote wawili siku moja."

"Lete sindano, Fundi."

Akaitoa begini. Wakakaa pale pale kizingitini, na kifungo cha kumi na mbili kikashonwa huku mama mlinzi anasubiri na funguo zake, akijidai amekasirika.

Miezi miwili baadaye, ukumbi mdogo nyuma ya uwanja ulijaa. Upande mmoja zambarau, upande wa pili chungwa, watu wanatupiana maneno, na mdogo wake bwana harusi amevaa soksi mpya za kununua mwenyewe. Mlangoni alisimama mwanamke mpana, suruali imemkaa sawasawa.

"Fungua begi, bwana harusi."

"Ni nguo tu, mama."

"Maneno hayo nimeshawahi kuyasikia."

Kinyozi akafungua. Lilikuwa koti moja kuukuu, ndani lina vifungo kumi na viwili na nafasi kubwa iliyoachwa wazi.

"Na hii nafasi ya nini?"

"Muulize mke wangu," akasema Kinyozi. "Mimi siku hizi nikitaka kujua kitu, nauliza."