Kadi ya Tundu la Pili

Alhamisi jioni watu wa Riyadh hawakai majumbani, na duka la kamera pale Malaz lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mwanamize alibanwa kwenye kaunta, kushoto mama mwenye gari la mtoto, kulia vijana wanaogombania bei. Alikuwa amevaa abaya ya rangi ya kahawa, mikono yake imetariziwa uzi mweusi, na mtandio umemkaa vizuri kichwani. Alikuwa ametoka Jidda kuja kumjulia hali shangazi yake. Lakini ukweli wa Mungu, shangazi alikuwa kisingizio. Alikuja kutafuta kamera inayoona gizani.

Aliyopewa aijaribu ilivuma, lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, isishike kitu.

"Khaa! Hii si kamera, hii ni pambo la kabatini," alisema peke yake kwa Kiswahili, akijua hapana atakayemwelewa.

"Usiitukane, bibi. Umeielekeza kwenye ukuta mweupe. Hata wewe nikikuuliza unaona nini pale, utasema huoni kitu."

Mwanamize aligutuka. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mrefu mwenye shati la buluu lililopigwa pasi likapigika, anajizuia asicheke.

"Mswahili wewe?"

"Babu alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Mimi nimezaliwa hapa hapa Malaz, naitwa Rayan. Na wewe kwa namna unavyogomba, ni wa Ghulail kule Jidda."

"Ghulail tunagomba?"

"Mpaka na vyuma."

Hakutaka kucheka, akacheka. Akamweleza shida yake. Kazi yake ilikuwa kupiga picha harusini, upande wa wanawake. Bibi harusi akiingia, taa zote huzimwa, ikabaki moja tu ya kumfuata, na flashi hakuna anayeitaka. Hapo ndipo kamera yake ya zamani humwaibisha.

Rayan alifungua mtoto wa meza, akatupa sarafu ya riyali ndani, akausukuma mpaka ikabaki nafasi ya kupenya lenzi tu. "Haya, ipige."

Kamera ya kwanza ilitapatapa ikashindwa. Ya pili ilikubali, lakini kilichotoka vizuri ni ubao, si sarafu. Ya tatu ilivuma mara moja tu, ikashika, na maandishi ya sarafu yakasomeka.

"Chukua hii," alisema Rayan. "Ina matundu mawili ya kadi. Nitaiweka kila picha iingie kote kote, moja ikiharibika unayo ya pili. Na usilenge kitambaa kitupu, kamera hushika mpaka, penye cheusi kukutana na cheupe. Bibi harusi mlenge wanja."

Akampa na namba yake ya simu. "Ya maswali ya kamera tu," alisema, akaangalia pembeni.

Maswali ya kamera yalikwisha mapema. Simu hazikwisha.

"Umekula?" aliuliza Rayan adhuhuri moja.

"Hilo nalo ni swali la kamera?"

"Mpiga picha mwenye njaa mkono humtetemeka."

"Basi nimekula, fundi wangu."

"Fundi wako?"

"Alaa! Ulimi umeteleza."

"Uache uteleze, roho yangu. Usiushike."

Mwanamize akakata simu kwa haya, akatabasamu mpaka mama yake aliyekuwa akikaanga samaki akamuuliza anamchekea nani. Alikuwa ameshapenda, wala hakujidanganya.

Sasa, harusi za wanawake Jidda zina sheria ambayo kila mtu anaijua. Simu huachwa mlangoni. Ndani abaya huvuliwa, nywele zikaachiwa, mabega yakaonekana, na mpiga picha naye huvua yake, kwani nani aende shereheni na abaya? Yote anayoyaona ni amana. Picha moja ikianguka mbele ya macho ya mwanamume, hapana nyumba itakayomfungulia mlango tena. Mwanamize alikuwa akila kwa amana hiyo, yeye na mama yake.

Ikaja harusi ya Hana, binti wa jirani yao. Kesho yake Mwanamize alizifungua picha. Za kosha, lile jukwaa la maharusi, zilikuwa safi, lakini za kuingia bibi harusi, karibu zote, zilikuwa na ukungu.

"Nitumie moja niione," alisema Rayan kwenye simu.

"Haiwezekani."

"Sitazami watu, Mwanamize. Natazama ukali wa picha tu."

"Macho yako yatajuaje kutenganisha? Amana, Rayan."

"Basi, halas, umesema kweli. Nitumie kamera tupu niijaribu mwenyewe."

Mwanamize akatoa kadi, akaifungia kabatini, akampa kamera kaka yake aliyekuwa akienda Riyadh kwa gari. Akakaa ametulia. Alikuwa akipembua mchele pale alipokumbuka tundu la pili, na kadi yake imo bado ndani. Sinia likamwagika.

"Rayan! Kamera umeiwasha?"

"Nimeiwasha."

"Umeona kitu?"

Mtu mwengine angesema hapana, na mambo yangekwisha hapo.

"Nimeona moja," alisema Rayan. "Nilibonyeza nihakikishe haina kitu, ikatokea. Nikazima pale pale, nikampa mama aiweke chumbani kwake. Siigusi tena, wallahi."

"Umemwona nani?"

"Usiniulize, tafadhali. Naona haya hata kumtaja."

"Unaona haya! Wewe unaona haya, na mimi je? Umenimaliza, Rayan. Usinipigie tena." Akakata, akaifunga namba yake. Kisha akalia kwa sauti, maana mtu aliyemkasirikia ndiye yule yule aliyezoea kumkimbilia akikasirika.

Alinawa uso, akajifunga abaya, akaenda kwa Hana. Angeweza kunyamaza. Lakini angeingiaje tena kwenye ukumbi wa watu na siri ya namna hiyo? Akasema yote, bila kujipunguzia.

Hana aliweka kikombe chini. "Ni mimi aliyeniona?"

"Sijui. Naogopa ni wewe."

"Ya Rabbi! Mume wangu akisikia..." Hakumaliza. Alikuwa msichana mpole, lakini uso ulikuwa umebadilika. "Kadi irudi, Mwanamize. Mpaka irudi, na nijue ni nani, usipige picha harusi ya mtu. Ukipiga, nitasema."

"Ni haki yako," alisema Mwanamize.

Jumamosi asubuhi mlango wa Ghulail ukabishwa hodi. Alikuwa mama wa makamo mwenye baibui jeusi linalonukia udi, mkoba ameukumbatia kifuani. "Mimi mama yake Rayan," alisema. "Nimekuja kwa ndege na kitu cha watu. Mwanangu amesema kisipite mkononi mwa mwanamume yeyote, hata wa posta."

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

Mama yake Mwanamize akaleta kahawa na tende. Mgeni akaitoa kamera, kadi ikiwa ndani yake.

"Nimezipitia zote mimi. Yeye alisimama nje ya mlango ananiuliza, mama, kipi kimetoka kikali? Nikamwambia, bibi harusi kama yumo majini, lakini taa za ukutani nyuma yake naziona moja moja. Akasema basi kamera ni nzima. Umeiachia ichague yenyewe pa kulenga, nayo gizani hukimbilia taa. Uiwekee alama moja ya kulengea, uikalishe juu ya jicho."

"Ahsante, mama. Lakini hiyo aliyoiona..."

"Ndiyo ya mwisho. Tazama."

Mwanamize akabonyeza. Kioo cha chumba cha kuvalia, wageni wameshaondoka, taa zimezimwa ikabaki moja. Mbele ya kioo mwanamke mwenye gauni la kijani, mabega wazi, nywele zimeteremka na asumini ndani yake, amekunja uso, kamera kifuani. Usiku ule wa harusi alikuwa akijaribu kujua kosa ni la kamera au la mkono wake, kisha akaisahau. Kila ukope ulihesabika.

"Mtume wee!" Akajifunika uso kwa mtandio.

"Katika zote za giza, hiyo ndiyo kali kuliko zote," alisema Mama Rayan, akachukua tende nyengine.

Mwanamize alianza kwa kumpigia Hana. "Si wewe."

"Alhamdulillahi! Nani?"

"Mimi."

Hana akaangua kicheko kisichokoma. "Mwenye kamera kanaswa na kamera! Haya, mdogo wangu anavishwa pete mwezi ujao. Njoo upige, na kadi zote mbili nitazitoa mwenyewe."

Kisha akaifungua ile namba. Rayan alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Kwa nini hukuniambia ni mimi?"

"Ningekwambiaje? Nimeziona nywele zako? Ulikuwa umeshafadhaika, Mwanamize. Ningekuongezea."

"Nikakudhania mabaya."

"Nilistahiki. Nilibonyeza mahali si pangu." Akavuta pumzi. "Watu wa hapa wana shofa yao. Mchumba huletwa amtazame binti mbele ya wazee, akiridhika, mazungumzo yakaanza. Mimi nimetazama kabla ya hodi. Ndiyo maana mama yuko hapo. Hakuleta kadi tu."

Mwanamize alichungulia ukumbini. Wale wamama wawili walikuwa wamesogeleana, wakiulizana ukoo, na birika la pili liko mezani.

"Na wewe umeridhika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeridhika mpaka silali. Nataka kukuoa, Mwanamize. Sema neno."

"Siwezi kusema."

"Kwa nini, roho yangu?"

"Kwa sababu shofa ni ya wawili," alisema Mwanamize. "Wewe umeshanitazama. Njoo Jidda mchana, ukae hapa mbele ya mama yangu, na mimi nikutazame nishibe. Kisha ndiyo nitasema ndiyo."