Usiiambie Simu "Nzuri"

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, alikaa kitandani na blanketi mbili. Nje jua lilikuwa linachoma. Yeye meno yanagongana. Simu ikalia. Akasoma, akaandika kwa kidole kimoja, akaisukuma chini ya mto.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Hospitali. Wananijulia hali."

"Umewajibu nini?"

"Nzuri."

Kikombe cha chai kikanitoka mkononi.

Dada alikuwa amepasuliwa titi kwa ajili ya saratani. Wakubwa wa hospitali wakamtoa mapema, eti vitanda havitoshi. Mtu bado ana mrija ubavuni unaotoa maji ya kidonda, wanamwambia nenda nyumbani! Akaja kwangu, kwa sababu mimi ni mgane na chumba kipo. Walimwahidi ujumbe wa simu kila asubuhi. Nikasema afadhali. Mke wangu alipopasuliwa ugonjwa huohuo, hakuna aliyemuuliza kitu. Kidonda kikaoza, tukamzika.

Nikaitoa ile simu chini ya mto, nikasoma.

Habari ya kidonda leo? *Nzuri.*

Umelalaje? *Salama kabisa.*

Maji ya mrija yakoje? *Hayajambo, na nyie hamjambo huko?*

"Dada! Unaidanganya hospitali?"

"Nimedanganya nini? Mtu amekusalimu asubuhi, utamtapikia shida zako? Sisi hatukulelewa hivyo. Labda wewe."

"Hizi si salamu. Wanakupima!"

"Basi wangesema wananipima."

Hapo alisema kweli. Wakubwa wamekaa chini ya feni, wakaandika swali la mpita njia. Nani asiyejua mpita njia anajibiwa nini?

Nikaandika mwenyewe: "Anatetemeka. Mwili moto. Maji ya mrija ni mazito, yananuka."

Sikuwahi hata kuiweka simu chini. Ikaita, nikaiweka kwenye spika. Nesi.

"Baba, nahitaji picha ya kidonda sasa hivi."

Dada akaruka. "Titi langu kwenye simu? Afadhali nife!"

"Ndicho ninachokiogopa, mama," nesi akasema. "Picha nitaiona mimi na daktari tu. Uso usionekane. Itume kwenye namba hii ya hospitali, usiitume kwingine kokote. Ikishafika, ifute."

Nikamwita jirani, mke wa mwashi, ampige picha; dada akakubali shingo upande. Mimi nikatoka, maana kuna vitu kaka haoni. Nikasimama mlangoni nikisikiliza sauti ya nesi.

"Fungua dirisha upate mwanga. Usikibonyeze. Mrija usiuvute."

Bandeji ikafunguliwa. Kisha mke wa mwashi akapiga kelele, "Jamani! Jamani!"

"Wekundu umefika kwapani," nesi akasema picha ilipomfikia. "Mleteni. Msisubiri tarehe ya miadi. Msimpake kitu chochote."

Tukatafuta gari, tukamfikisha. Wakamlaza, wakamwekea dawa kwenye mshipa, wakasafisha kidonda. Daktari akasema vijidudu vilikuwa vinakaribia kuingia kwenye damu. Nikakaa sakafuni kama mtoto.

Nesi alipokuja, sikumumunya maneno. "Mke wangu mlimuua kwa kutomuuliza. Huyu mlitaka kumuua kwa kumuuliza kwa adabu."

"Pole, baba."

"Pole haifufui mtu."

"Kweli, haifufui." Akachuchumaa karibu yangu. "Lakini simu haina macho, baba. Hainusi. Inajua kile tu inachoambiwa. Hapa kwetu dada yako alionekana mzima kuliko mimi."

"Na hao wengine mnaowauliza hivi?"

"Wanaendelea vizuri. Wote wanajibu..."

Tukatazamana.

"Wote wanajibu nini, nesi?"

Aliinuka mbio, akakamata simu ya mezani, akaanza kuwapigia mmoja baada ya mwingine.

"Mama, leo usiniambie nzuri. Weka mkono karibu na kidonda. Kina joto? Kinauma kuliko jana? Una homa?"

Wagonjwa wawili waliletwa siku hiyohiyo, mmoja amebebwa. Wote wawili asubuhi walikuwa wamejibu "salama".

Mpaka watu wabebwe ndipo wakubwa wakabadilisha maswali. Sasa simu inauliza: Kidonda kimekuwa chekundu? Kinatoa usaha? Una homa? Jibu NDIYO au HAPANA. Chini yake ipo namba ya kupiga hali ikibadilika, bila kungoja asubuhi.

Dada amepona kidonda, na mrija umetolewa. Jana ujumbe ulimuuliza: Je, unaweza kuinua mkono mpaka juu ya kichwa? Akajaribu. Mkono ukagoma begani. Akanitazama, akaitazama simu, akaandika HAPANA, akiibonyeza kila herufi kama anagombana nayo.

Nesi akapiga. "Ahsante, mama. Sasa simama karibu na ukuta, nikuonyeshe zoezi."