Kibia cha Romana

Kibia kilirudi kimeoshwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na kama Apolonia angelishtuka siku ile, huenda mengine yasingefuata. Lakini mama anayengoja habari njema haichunguzi. Huipokea tu na kushukuru.

Ulikuwa mwaka wa ndui, enzi za Mwingereza, kwenye vilima vya juu ya Njinjo. Watu wa huko hawakuuguza ndui nyumbani. Mgonjwa alijengewa kibanda ng'ambo ya mashamba ya mtama, na chakula chake kiliachwa njiani, juu ya kisiki cha mpingo. Mpelekaji alitua kibia, lile bakuli la udongo, akakigonga kisiki kwa fimbo, ko, ko, ko, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Kesho yake akikuta kibia kitupu kimefudikizwa, alijua mgonjwa yu hai. Akikuta chakula hakijaguswa, aliwaita wazikaji, nao walikuwa wale tu waliokwisha kuugua wakapona.

Aliyekuwa kibandani ni Romana, binti mkubwa wa Apolonia na Severini. Mpiga chanjo wa serikali alipopita kijijini, msichana alikuwa mwali, amewekwa ndani, na mwali haonyeshwi mwanamume mgeni. Apolonia alisema nyumbani hamna mtoto mwingine ila Helena, mdogo wake Romana. Helena akachanjwa. Romana alikuwa chumbani, mkono mdomoni, anajizuia kucheka. Jioni ile nyumba nzima ilicheka, wakamwona mpiga chanjo mjinga.

Basi kibia kiliporudi kinang'aa, Apolonia alikimbia nacho kwa mumewe.

"Baba Romana, anaosha vyombo! Amepata nguvu!"

"Maji kayapata wapi kule?" Severini aliuliza. Kisha na yeye akaamua kufurahi. "Mungu mkubwa, mke wangu."

Siku iliyofuata Apolonia alichinja kuku, kwa siri, asije Helena akamlilia paja. Kibia kikarudi kitupu, hata mifupa hamna. Akachinja mwingine.

Ndui ilipotulia, akaja Bibi Kazija, mzee mwenye makovu ya ndui uso mzima. Alikuwa mganga na mzikaji, na muda wote ule alikuwa akizika vijiji vya mbali. Apolonia alimtuma kibandani akamlete binti yake. Kazija alirudi peke yake, akakaa kizingitini, akakataa maji.

"Mama Romana," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto kafa zamani. Mwili umekauka."

"Bibi, jana kala!"

"Jana kala nani?"

Kazija alimzika Romana, nyumba ikakaa matanga, na Apolonia hakutoa chozi. Kibia alikificha uvunguni.

Siku matanga yalipoanuliwa, jua linatua, mwimo wa mlango uligongwa. Ko, ko, ko. Severini akafungua. Nje hapakuwa na mtu, ila harufu ya mtama uliovunda, nzito na tamu, iliyoingia ndani ikakaa. Jioni ya pili ikawa hivyo hivyo. Tangu hapo Helena, ambaye alikuwa mdogo hata ufagio hajui kuushika, alikula na kukonda, akala tena na kukonda zaidi, mpaka mbavu zikahesabika na macho yakawa makubwa kuliko uso, na kila mara mwimo ulipogongwa alijiinua kwenye mkeka akamtazama mama yake kwa lawama.

"Dada ana njaa," alinong'ona. "Anauliza mbona humpelekei."

Severini alimfuata Kazija mbio. Mzee akaangalia kovu la chanjo mkononi mwa mtoto.

"Hii si ndui. Ni jini. Lilikuta chakula hakina mwenyewe, likala, na ninyi mkaliongezea kuku. Mmelifuga. Sasa mmelinyima, linamla huyu."

Akawapa dawa yake. Jua la utosi, Apolonia apeleke kibia kile kimejaa majivu, agonge, aseme mwenye chakula amekufa, akivunje, arudi. "Na usigeuke, mwanangu. Ukigeuka umelikaribisha."

"Bibi, mimi ndiye niliyemficha asichanjwe. Nitamfukuzaje tena?"

"Aliye hai ni Helena."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tusimhukumu. Apolonia alikwenda. Aligonga. "Mwenye chakula hiki amekufa," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Wewe sikujui." Akakipiga kibia kwenye kisiki, kikapasuka.

Akashika njia ya nyumbani, na mtama ukaanza kuchakacha nyuma yake ingawa upepo haukuwepo, na ile harufu ikamjia shingoni, na nyayo zikawa zinakanyaga pale pale alipotoka kukanyaga yeye, hatua kwa hatua, naye akakaza mwendo akilitaja jina la Helena, Helena, Helena, mpaka alipoliona paa la nyumba yake na moyo ukaanza kutulia, ndipo sauti ya Romana, ile ile ya kujizuia kucheka, ikasema karibu na sikio lake: "Mama, nitoke sasa? Mgeni keshaondoka?"

Akageuka.

Njia ilikuwa tupu. Alisimama akaitazama, kisha akaenda nyumbani, na hilo la kugeuka hakumwambia mtu.

Alimkuta Helena ameketi uani, amepata nguvu, anadai chakula. Severini alikuwa analia kwa furaha. Apolonia alimsongea ugali, akampa kwenye kibia kingine, na mtoto akala polepole mpaka akamaliza. Jioni ilipita na mwimo haukugongwa.

"Limekwenda," Severini alinong'ona.

Helena aliinuka. Akachota maji mtungini, akakiosha kibia ndani na nje mpaka kikang'aa, akakifudikiza kizingitini. Kisha akamtazama Apolonia, akaweka mkono mdomoni kuzuia kicheko.

"Mama," alisema, "kesho uniletee tena kuku."