Kipande Alichokikata Masikio

"Simama wima, mdogo wangu. Ukicheza hivyo kiuno kinanidanganya."

Fundi alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa mteja, tepu shingoni na chaki mkononi, akitia alama kwenye pindo la gauni la bibi harusi mtarajiwa. Mteja mwenyewe hatulii. Simu iko kiganjani, kidole kinasukuma video moja baada ya nyingine.

"Nisamehe, Fundi. Ni huu wimbo. Ukipigwa tu, mwili unaondoka wenyewe."

"Wimbo gani?"

"Hujausikia? Wewe unaishi chini ya kitanda? Kila mtu anaucheza."

Akaongeza sauti. Ngoma ikaingia, besi ikafuata, kisha vyote vikanyamaza ghafla, na katika ule ukimya mtoto akacheka. Kicheko cha mafungu matatu, la tatu likipanda juu, halafu kwikwi moja ndogo. Ngoma ikarudi.

Chaki ilimponyoka Fundi.

"Rudisha."

"Ee?"

"Rudisha hapo alipocheka."

Mteja akarudisha. Mtoto akacheka tena, vilevile.

"Nani huyo anayecheka?"

"Aa, hiyo ni kompyuta tu, Fundi. Siku hizi hata watoto wanatengenezwa na mashine."

"Angalia wamemtaja nani."

Mteja akashusha maandishi. "Mwimbaji ni huyu wa ng'ambo... biti ni ya huyu... Na huku chini kabisa wameandika, 'Kicheko kutoka kwa Masikio.' Masikio si mumeo?"

Fundi alikaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Kwa miaka miwili alikuwa anajaribu kukikumbuka kicheko cha mwanawe, na kila mwezi kilikuwa kinafifia. Leo kimemjia kwenye simu ya mteja, na watu wanakikatikia viuno.

Masikio lilikuwa jina la utani, na mwenyewe alilistahili. Alikuwa mtu wa kusikia gitaa nyumba ya tatu akakwambia ni uzi upi uliolegea. Mwanamuziki asiye na kampuni wala meneja, ana chumba kimoja cha nyuma, magodoro mawili mabovu yamegongelewa ukutani kuzuia sauti, kompyuta, na maiki aliyoishika kama anashika yai. Kutoka humo alifanya kazi na watu ambao hajawahi kuwapa mkono. Huyu anatuma biti, yule anatuma gitaa, yeye anatia sauti, na mtandao unamgawia kila mtu fungu lake. Aliuza pia mafurushi ya sauti za nyumbani: mfuniko wa sufuria, ufagio, mlango unaolia, cherehani ya mkewe. Mwanamuziki yeyote, popote alipo, angenunua furushi na kulitia kwenye wimbo wake.

"Ipo siku utauza hata mkoromo wangu," Fundi alikuwa akimtania, zama zile wanataniana.

Cheche alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miaka miwili na nusu. "Mngemleta mapema kidogo," daktari alisema, na maneno hayo yakarudi nao nyumbani. Fundi akayachukua akamtwisha mumewe yote. Mtoto si alikuwa anashinda naye chumba cha nyuma? Masikio yote hayo, yakashindwa kusikia kifua cha mtoto wake mwenyewe? Masikio hakujitetea hata siku moja, na mkewe akahesabu ukimya huo kuwa ni kukiri. Tangu mazishi hakuna aliyemwita mwenzake Baba Cheche wala Mama Cheche. Yeye alikuwa "mke wangu" na mume alikuwa "wewe".

Alimwacha mteja na gauni lake la pini, akaenda nyumbani kwa miguu.

"Cheche anacheka kwenye simu za watu," alisema mlangoni.

Masikio alivua hedifoni. Kwenye kompyuta kulikuwa na nyuso mbili za wanamuziki wa mbali, mmoja ana kinanda mapajani.

"Vipi, kaka, tuendelee?" yule wa kinanda akauliza.

Masikio akaifunga kompyuta bila kumjibu.

"Umesikia wapi?"

"Hilo ndilo la kuniuliza? Nimesikia wapi?"

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Sikai. Uliniambia hakuna kitu! Simu yangu imeibiwa siku ya msiba, picha zote zimekwenda, nikalala kwenye sakafu hii hii nikikuomba hata sekunde moja ya sauti yake. Ukanitazama machoni ukasema umefuta."

"Furushi lile nililipandisha akiwa hai. Ilikuwa kama mchezo, kicheko katikati ya vijiko na milango. Alipotutoka nikawaandikia wenye mtandao walitoe. Wakalitoa. Lakini walionunua walishanunua, na sheria inawalinda. Kicheko kimeingia kwenye nyimbo ambazo hata mimi sizijui."

"Kwa hiyo wageni wanacho, na mimi mama yake sina."

Masikio akainamisha kichwa.

"Basi nipe changu. Ile rekodi ndefu unayo. Wewe hufuti kitu, nakujua, hata mluzi wa birika umeuweka."

Masikio akaanza kukunja waya wa hedifoni.

"Unayo au huna?"

"Ninayo."

"Nipigie niisikie."

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Niombe lolote jingine, nitafanya. Hilo siwezi."

Fundi akaenda chumbani kutafuta begi.

Dada yake mkubwa alimpokea kwa mikono miwili na mdomo mmoja usiopumzika.

"Nilikuambia! Mwanamuziki anasikilizwa, si wa kuolewa naye. Mkaniona nina wivu. Lete huo wimbo."

Akaibandika simu sikioni. Akausikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne akainua kidole.

"Wewe. Hapa mwishoni, baada ya kwikwi, kabla ngoma haijarudi. Kuna mwanamke anaanza kusema."

"Wapi?"

"Tega vizuri. 'Ame...' halafu amekatwa. Umesikia?"

Fundi akatega. Kweli, ulikuwepo mkia wa sauti ya mwanamke, mfupi kama kucha.

"Ukiona manyoya, ujue kuku keshaliwa," Dada alisema. "Anayefichwa ni huyo, mdogo wangu. Si kicheko. Shemeji alikuwa na mtu mle ndani, na mtoto wako akiwepo. Si yule mwimbaji wa kike anayeimba naye, mwenye sauti ya kubembeleza?"

"Yule yuko nchi nyingine, wanatumiana mafaili tu."

"Mafaili! Wewe endelea kuamini mafaili."

Fundi alijua dada yake ana chumvi nyingi. Lakini wivu ukishabisha hodi hauondoki bila kukaribishwa. Akaandika:

"Nani yule mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Anayesema Ame. Usijifanye hujui."

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi.

"Hakuna mwanamke mwingine. Naapa kwa kaburi la mtoto."

"Basi nisikie rekodi yote."

"Siwezi."

"Chagua. Rekodi au talaka."

Akaiweka simu gotini. Tuseme ukweli, talaka hakuitaka. Alitishia kama watu wanavyotishia, wakijua watashikwa mkono. Simu ikatetemeka.

"Talaka. Njoo Jumamosi uchukue cherehani. Nisamehe."

Alilia mpaka Dada akakosa methali. Mwanaume anayekubali kupoteza mke kuliko kuitoa sauti ya mwanamke, je, huyo mwanamke si anapendwa vibaya? Hilo ndilo lililomla kwa siku tatu. Kicheko chenyewe alikisahau, na hata hilo lilimuuma.

Jumamosi asubuhi shemeji yake, mume wa Dada, alileta pikapu. Dada akabaki nje kumwelekeza namna ya kurudisha gari nyuma, naye hakuombwa. Fundi aliingia peke yake.

Cherehani ilikuwa tayari mlangoni, imefutwa vumbi, nyuzi zimepangwa kwenye boksi kwa rangi. Masikio alikuwa amekonda.

"Nimeitia mafuta. Mkanda ulikuwa umelegea, nimeubadilisha."

"Asante."

"Mguu wa kushoto ushikwe vizuri, unacheza."

"Sawa."

Walikuwa wanaongea kama watu waliokutana foleni ya benki. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Fundi aliutazama, akamtazama mumewe, akaingia. Kompyuta ilikuwa inawaka. Katikati ya mafaili mengi ya majina ya ajabu kulikuwa na moja limeandikwa tu, "Cheche, yote."

Masikio alimfuata akaweka kiganja juu ya kipanya.

"Nakuomba. Nichukie tu. Mimi nimeshazoea."

"Toa mkono."

"Mama Cheche..."

Lilimchoma jina hilo. Lakini aliutoa mkono wa mumewe, kidole kimoja kimoja, akabonyeza.

Kwanza ilisikika cherehani, mbali kidogo, chumba cha pili. Kisha nyayo za mtoto. Kikohozi. Halafu Cheche akacheka, kicheko kile kile kinachochezwa kila mahali, mafungu matatu na kwikwi moja, na papo hapo mwanamke akasema:

"Amepaliwa, mwone! Kicheko kimempalia!"

Sauti ilikuwa ya mtu aliyebana pini kati ya midomo. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Hajapaliwa," Masikio wa kwenye rekodi alijibu. "Hiyo kwikwi si kicheko. Ni kifua kinapiga filimbi, nakisikia kwenye hedifoni. Tangu asubuhi. Mama Cheche, tumpeleke hospitali."

"Sasa hivi? Gauni la watu linatakiwa jioni. Wewe na masikio yako! Jana ulisikia panya kwenye dari, hakuna panya."

"Nampeleka mimi basi."

"Na nani atafungua mlango wateja wakija? Kesho. Kesho tunaenda wote."

Cherehani ikaendelea kushona. Mtoto akakohoa tena, kikohozi kidogo, cha adabu. Kisha:

"Haya. Kesho."

Rekodi ikaisha.

Kesho ile ilikuja na wateja wake, na keshokutwa ikaja na wake. Mtoto alikuwa anacheza, anakula, nani angeshtuka? Walifika hospitali siku ya tisa, akiwa amebebwa kwenye shuka.

"Sikukumbuka," Fundi alisema. "Wallahi sikukumbuka kabisa. Ulisema tumpeleke."

"Nilisema."

"Miaka miwili nakuita muuaji mbele ya watu. Mbele ya mama yako! Kwa nini hukunipigia hii siku ile ile?"

"Ulikuwa huli. Ulikuwa hunyanyuki. Ulitaka mtu wa kumlaumu, na mimi nilikuwa karibu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikasema bora hivyo. Ukinichukia mimi utaishi. Ukijichukia mwenyewe, sikuwa na hakika."

"Na talaka?"

"Ungeenda na cherehani yako ukaanza upya, bila hii."

Fundi alijitazama miguuni. Alikuwa amekuja kumfumania mwanamke, na mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama kwenye viatu vyake.

Dada akaingia bila hodi, jasho linamtiririka.

"Jamani, gari limezuia njia! Vipi, umempata huyo mwanamke?"

"Nimempata."

"Nilikuambia! Ni nani?"

"Ni mimi."

Dada akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaziona nyuso zao.

"Mtoto alikuwa anakohoa, dada. Baba yake akasema tumpeleke. Mimi nikasema kesho, kwa sababu ya gauni."

Dada akamgusa mdogo wake bega, akatoka taratibu. Huko nje wakamsikia akimwambia mumewe awashe gari, waende.

Masikio alikuwa ameteleza akakaa sakafuni, mgongo kwenye godoro la ukutani.

"Usiubebe mzigo huu peke yako," alisema bila kumtazama. "Hujanisikia mimi mwishoni? Wewe ulikuwa chumba cha pili na mashine inapiga kelele. Mimi nilikuwa na kifua chake masikioni. Nikajua. Nikasema haya. Usiku ule ule nikakaa nikakikata kikohozi, nikayakata na yale maneno yetu, nikabakiza kicheko, nikakipandisha. Mwanangu anaumwa, mimi namsafisha kama mkwaruzo kwenye wimbo."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alitaka kumwambia si kosa lake, akashindwa, maana ingekuwa uongo, na uongo wa huruma ulikuwa umeshakaa nyumba hii miaka miwili.

"Mimi nilisema kesho," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema haya."

"Nikasema haya."

"Basi tulikuwa wawili, Baba Cheche."

Masikio alijaribu kuitikia, badala yake akatoa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kaburi. Fundi akapiga magoti, akamvuta kichwa kifuani, na wakamlilia mtoto wao pamoja kwa mara ya kwanza.